Inchi Ishirini na Nne

Baba yangu Florian alipima shamba kwa kiganja.
Alichota mchanga, akaufumba, akaufumbua:
ukisimama kama andazi, mtambo ulale;
ukimwagika kama sukari, mtambo uamke.
Miaka arobaini na mmoja kiganja hicho
kilitulisha, kikatusomesha,
kikatia saini mikopo yote ya benki.

Nami nikarudi nyumbani na fito tatu za plastiki
zenye pete za shaba.
Nikazizika katikati ya tuta la viazi:
mmoja inchi sita, wa pili kumi na mbili,
wa tatu ishirini na nne, mahali ambapo
kiazi hakina mzizi wala shughuli.
Baba alisimama na kikombe chake cha kahawa.
"Unampima nani homa?"
Sikumjibu. Simu ilishaanza kuchora mistari.

Huku Wisconsin ya kati ardhi ni pakacha.
Barafu ya kale iliyeyuka, ikatuachia mchanga
na madeni ya kuulima. Mvua ikinyesha asubuhi,
adhuhuri unapita na viatu vya kanisani.
Basi baba alimwagilia kama mtu anayekimbiza moto:
saa kumi mfululizo, mtambo ukizunguka
kama ngamia wa kinu,
majani yakinawiri, moyo ukitulia.

Julai, saa nane za usiku, simu ikalia.
Mstari wa juu umeinuka. Sawa.
Wa kati umeinuka. Sawa.
Wa tatu, ule wa chini, ule usio na mteja,
uliruka kama samaki.

Nikamwamsha. Tukachukua sepeto na kurunzi.
Alichimba mwenyewe, kwa hasira, bila kofia.
Inchi sita, mbichi. Kumi na mbili, mbichi,
mizizi myeupe kama nyuzi za kushonea.
Kisha mizizi ikaisha
na maji yakaendelea.

Akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani.
Kiganja kile kile. Akachota, akafumba, akafumbua.
Mchanga ukasimama kama andazi.
Mtambo ukatufikia, ukatulowesha, ukapita zake.
"Na mbolea?" akauliza.
"Imepanda gari hilo hilo, baba."
Akatazama ng'ambo ya barabara,
taa ya jikoni kwa Mai Yer Thao,
ambaye tangu mjukuu wake azaliwe
haonji maji ya kisima chake.

Sasa tunamwagilia kidogo, mara nyingi.
Saa tatu, tunanyamaza, saa tatu tena.
Mstari wa chini umelala, wala haugeuki ubavu.
Msidhani fito zimeshinda: Agosti
fuko mmoja alitafuna waya,
simu ikaapa kwamba shamba limekuwa jangwa,
na kiganja ndicho kilichosema, "Mwongo huyo."
Viazi vikaponea hapo, kwa neno la mzee,
naye akalirudia mezani siku nne.

Lakini maji yaliyokwisha kupita hayana mstari.
Yako njiani, chini kwa chini,
ya mwaka jana, ya mwaka niliohitimu,
ya kiangazi kile mama alipokuwa mgonjwa
na hakuna aliyekumbuka kuzima mtambo.
Yanatembea taratibu kuelekea kwa jirani.
Hakuna swichi ya kuyarudisha.

Kila Ijumaa baba huegesha gari kwa Mai Yer,
hushusha madumu manne ya maji ya dukani,
huyapanga kando ya mlango.
Mama yule hutoka na pochi.
"Florian, nikulipe ngapi leo?"
Baba hufumbua kiganja, hukitazama,
kama mtu aliyeandika bei humo
na jasho likaifuta.