Nane

Jikoni Kazanlak, theluji dirishani,
Zornitsa anapima bawa kwa rula ya shule:
sentimita arobaini, ncha hadi ncha.
Arobaini mara arobaini, elfu moja mia sita.
Gawa kwa eneo, mia mbili.
Nane.

Mwaka jana alitaka kumi na nne,
bawa jembamba kama unyasi,
zuri mno mezani.
Roketi ikawaka, bawa likatetemeka,
likakatika
kabla Radko hajafuta moshi machoni.

Nane, basi. Si refu la kujivunia,
si fupi la kuanguka kama kigae.

Anapiga msasa. Vumbi la balsa
laingia kwenye chai ya mamake,
naye anainywa tu,
akiuliza: nane ya nini?

Ya kurudi, mama.
Kupanda ni kazi ya baruti.