Chupa ya Pili

Miezi saba tulikuwa hatusemezani,
mimi na Mwanasiti, mke mwenzangu.
Tulisemezana kwa kanga.
Yeye akianika yake uani, mimi nasoma,
naingia ndani, natoka na yangu.
Watoto wa barabara ya kumi na tano
walijifunzia kusoma kwenye kamba yetu.

Usiku ule alikuja kuchota maji
nikaona pete imemezwa na kidole,
uso umeumuka kama unga uliozidi hamira.
Akasema, si kwangu, kwa ukuta:
"Kichwa. Naona vimulimuli."

Mama mkwe akatafuta ubani.
"Amepandwa," akasema, "na wa baharini."

Naujua ubani ule.
Miaka tisa nyuma nilifukizwa mimi
hadi moshi ukaisha na mtoto akaisha,
na huko Bombo wakakitoa kizazi ili nibaki mwenyewe.
Ndiyo maana Mwanasiti aliolewa.
Sisemi kwa uchungu. Nasema hesabu ieleweke.

Nikakitia maji chetezo.
Ndiyo, mbele ya mama mkwe.

Bajaji ilikuwa na taa moja.
Tukipanda kilima mwili wake ukakakamaa,
ukaanza kupiga, meno yakiutafuta ulimi.
Nikamlaza ubavu, nikamwita kwa jina
mara ya kwanza tangu Shaabani.

"Mia na tisini kwa mia na ishirini na tano,"
alisema muuguzi Shekalaghe, bila kupandisha sauti,
kama mtu anayetaja bei ya dagaa.
"Kifafa cha mimba. Mwiteni daktari."
Wakamchoma pajani dawa inayowaka kama pilipili,
naye, katika kuzimia kwake, akakunja uso.
Sijawahi kufurahia mkunjo wa uso wa mtu vile.

Walimpasua saa tisa kasorobo.
Mtoto wa kike, kilo moja na nusu,
sauti ya bawaba isiyopakwa mafuta.
Lakini kondo la nyuma lilikuwa limebanduka mapema,
na damu ikakataa kusimama.

Benki ilikuwa na chupa moja.
Mbaruku, mume wetu, alitoa mkono amefumba macho;
kundi lake halikufaa. Akakaa sakafuni.
Kijana wa maabara akanigeukia na fomu:
"Wewe ni nani wake?"

Wifi lina neno lake, shemeji lake,
hata kungwi ana neno.
Nikasema, "Mwenzake."
Akaandika: dada.

Nikalala, nikakunja ngumi, nikakunjua.
Mfuko ukawa unajaa, mzito, wa moto,
unabembea kama kitu kinachotaka kulala.
Nilifikiria kanga zote nilizonunua kwa hasira, na bei zake.
Nilifikiria kizazi changu: walikizika wapi?
Hakuna aliyewahi kuniambia.
Wema sikuufikiria, naapa.
Nilifikiria tu, uani pakinyamaza,
nitagombana na nani?

Wakaipima, wakaikubali, wakaipeleka mbio.
Ilikuwa ya pili. Baada yake haikuhitajika nyingine.

Alfajiri Shekalaghe akatoka na mtoto
na kapu la nguo tulilisahau kwenye bajaji.
Nikavua kanga yangu ya juu.
Akamfunga, akamgeuza,
akasoma maandishi kwa sauti:
HUNA CHAKO KWANGU.
Akaniangalia. Nikamwangalia.
Tulicheka hadi mlinzi akaja kuuliza nani amefariki.

Siku ya kumi na mbili tukarudi nyumbani.
Msidhani sasa tuko chanda na pete;
pete yenyewe ilikatwa kwa koleo.
Bado anazidisha nazi, bado namwambia.
Ila juzi, akimenya muhogo, kisu kilimteleza.
Nilivuka ua kabla hajapiga kelele,
nikamkaba kidole kwa pindo la kanga:
"Taratibu, mwenzangu.
Hiyo unayomwaga ina yangu."