Chumba Kilichokuwa Stoo

Mlangoni bado pana alama za gundi
palipobandikwa neno STOO.
Wamenipa meza, kompyuta, kiti kimoja cha mgeni,
na dirisha linalotazama kilima cha vifusi,
mabaki ya mawe meusi ambayo mababu wa mji huu
waliyapasua kuezeka nyumba za watu wa mbali.
Mvua ya Wales haina masika wala vuli.
Ina Jumatatu, halafu ina Jumanne.

Miaka kumi na tisa nilisimama nyuma ya kaunta
kule chini, kati ya benki iliyofungwa
na duka la samaki wa kukaanga.
Nilihesabu vidonge vitano vitano kwa kisu butu.
Karatasi ikiingia, mfuko unatoka.
Nikishuku kosa, nilipiga simu huku juu,
nikachezewa kinanda robo saa nzima,
kisha sauti: "Daktari ana mgonjwa."

Sasa mwenye mgonjwa ni mimi.

Bwana Idwal Penri, miaka themanini na mmoja,
anachungulia, mguu mmoja bado nje.
"Daktari Haf yuko wapi?"
"Chumba cha pili. Leo umepangiwa mimi."
"Wewe si yule Nerys wa dukani?"
"Ndiye."
"Umepandishwa cheo au umeshushwa?"
Namvutia kiti.

Anamwaga mfuko wake mezani.
Vijisanduku kumi na vinne, na peremende moja.
Tunavipanga kama watu wanaofuatilia ukoo:
hiki cha presha ndicho baba,
kilimvimbisha vifundo vya miguu,
kikazaliwa cha kukojoza;
cha kukojoza kikaamsha jongo kwenye dole gumba,
jongo likaleta cha maumivu,
cha maumivu kikamchoma tumbo,
ndipo kikaja hiki, kitindamimba,
cha kuzima moto ulioachwa na kaka yake.

"Nani aliyeniandikia vyote hivi?"
"Watu watano, kwa miaka tisa.
Kila mmoja alikuwa na dakika kumi."
Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo gumu kulieleza.

Chuoni walinifundisha kutoa dawa.
Kuiondoa nimejifunza ukubwani,
kama mtu anayejifunza kuogelea na nywele zina mvi.
Mwezi wa kwanza nilibisha kwa Haf kila saa,
karatasi mkononi, mpaka akaniambia,
"Nerys, hili unalijua kuniliko. Tia saini."
Natia. Tunaanza na baba;
watoto tutawaaga polepole,
mmoja wiki hii, mwingine akirudi kupimwa.

Kisha mkono wangu unagusa cha kumi na nne.
Lebo imefifia: *Eirlys Penri. Kimoja, usiku.*
Tarehe ya miaka mitatu iliyopita, Machi,
na lebo niliichapa mimi.

"Hicho sikinywi," anasema, haraka.
"Kinakaa tu na vyangu.
Vyangu vilizoea kukaa na vyake."

Kanuni naijua: dawa ya marehemu hurudishwa, huteketezwa.
Nafungua. Nakamua kidonge kimoja kimoja
kutoka kwenye karatasi ya fedha, tak, tak,
ndani ya ndoo ya buluu.
Idwal anahesabu chini ya pumzi, kwa Kiwelisi,
tatu tatu, kama walivyohesabu mawe machimboni.
Ishirini na viwili. Kimoja kinabaki peke yake,
anakitazama kikianguka.

Kijisanduku kitupu nakikunja vizuri, lebo juu,
namrudishia.
Hakitii mfukoni mwa plastiki.
Anafungua koti, anatafuta mfuko wa ndani,
vidole vinababaika na kifungo, simsaidii.

Kwenye kompyuta pana kisanduku kidogo:
*Hatua zilizochukuliwa.*
Naandika presha, naandika vifundo, wiki mbili.
Lile jingine halina pa kuandikwa.

Mlangoni anageuka, mfuko umepungua, kofia imelowa.
"Dukani hukuwa unaongea hivi."
"Dukani kulikuwa na foleni, Bwana Penri."
"Hapa je?"
Nachungulia ukumbini. Watu sita, miavuli sita.
"Hapa pia," namwambia. "Lakini wamekaa."