Desibeli Hamsini na Mbili

Nilipima mwenyewe: sentimita sabini na tano
kutoka jikoni hadi tumbo la kinyonya-moshi,
nikaandika kiganjani kwa kalamu ya wino
kwa kuwa karatasi hunipotea, kiganja hakinitoroki.
Lanfen akacheka: "Fundi wa kupima tunaye. Wa kupika?"

Tulishuka kwa lifti ghorofa kumi na tisa,
tukapanda treni ipitayo tumboni mwa jengo la watu.
Kwapani amebana kitu ndani ya magazeti.
Sikumuuliza.

Duka limepoa kama hospitali.
Majiko yamelala chali, meusi, yanang'aa,
hayajawahi kuunguza kitu wala mtu.
Kijana Yifan, jina lake limebandikwa kifuani,
akainua ubao wa kukatia nyama, akabonyeza, akauachia.
Ubao ukaganda hewani chini ya kinywa cha chuma
kama mwizi aliyekamatwa ukosi.
"Kwa nguvu hii," akasema, "pilipili itasahau njia ya sebuleni."

Nikapiga makofi. Lanfen hakupiga.
"Na kukiosha? Nani atakiosha?"
Kijana akanitazama mimi.
Mimi nikautazama ubao.

Kisha jiko la kioo: halina mwali,
maji yanatokota kabla hujamaliza kupiga chafya tatu,
kitambaa kimoja, pu, limetakata.
Bei yake ya kukata maini.
Hapo ndipo alipofungua magazeti:
karai la mama yake, jeusi, tako la mviringo,
limevuka mji mzima kuja kufanyiwa usaili.
Akaliweka juu ya kioo. Likayumba, likazunguka kidogo,
likasimama kwa nukta moja kama mlevi anayeapa yuko sawa.

"Tuna sufuria bapa za zawadi," Yifan akasema.
"Jiko ndilo litafute karai," akasema mke wangu,
akaanza kulifunga upya, pole pole,
na sote tukajua ni gesi.

Mimi, nisije nikaonekana mzigo,
nikauliza: "Desibeli ngapi?"
"Hamsini na mbili, mzee. Kama watu wawili
wanaoongea chumba cha pili."

Lile feni letu la zamani lilikuwa kinu cha mawe.
Miaka ishirini na sita likinguruma ukutani,
likidondosha mafuta ya rangi ya chai.
Nilikuwa nikipaza sauti kutoka kwenye sataranji yangu:
"Unasemaje?"
Naye: "Si kitu!"
Nami nasogeza farasi.

Jioni ya kwanza akatupa pilipili kavu kwenye mafuta.
Nikajiandaa kukohoa. Kikohozi hakikuja.
Moshi ulipanda wima, ukaingia,
kama mtoto aliyeitwa mara moja tu.
Na ndipo nikasikia.

Alikuwa akiongea. Si nami.
Na karai, na kitunguu saumu, kwa sauti ya chini:
kwamba goti la kushoto linauma kwenye ngazi,
kwamba Siyu hajapiga simu tangu sikukuu ya taa,
kwamba tangawizi bei gani hii, dhahabu?
kwamba huyu bwana siku hizi anaacha chumvi pembeni
na hasemi, hasemi, mdomo kama kasha.

Nilisimama mlangoni na farasi wangu mkononi.
Si-kitu ngapi nimezimeza na wali?

Akageuka, akaniona.
Akanyamaza, akanyoosha mkono juu,
akabonyeza namba tatu. Upepo ukavuma.
"Unasemaje?" nikauliza, kwa mazoea.
"Si kitu."

Nikasogea. Nikabonyeza moja.
"Goti," nikasema. "Tangu lini?"
Alikoroga. Akakoroga tena.
"Nipe chumvi."
Nikampa. Karai likafoka kidogo, likatulia.
"Tangu mwaka juzi," akasema.