Ufunguo wa Tatu

Ulikuja mmoja tu. Muuzaji wa Uvira alisema
mwenzake alibaki Japani, kwenye droo ya mtu
asiyejua hata Bukavu iko upande gani wa dunia.
Mpira wa vitufe ulishachanika; niliufunga kwa plasta ya kidonda,
ukawa unasikia siku za jua na kukataa siku za mvua,
na Bukavu, wewe unajua, mvua haiombi ruhusa.

Gari ni letu wawili, mimi na Birindwa mdogo wangu.
Mchana nabeba wamama wa soko na magunia yao ya unga,
usiku anabeba walevi, wauguzi, na wanaokimbilia uzazi.
Saa kumi na mbili jioni, Nyawera, mbele ya duka la rangi,
namwekea ufunguo kiganjani.
"Mafuta?"
"Robo."
"Breki?"
"Zinalia kidogo."
Ndiyo hayo tu, mwaka wa tatu sasa,
tangu tuuze kiwanja cha baba kule Bagira
na kila mmoja akaamini mwenzake ndiye aliyeuza.

Lakini ufunguo mmoja ni roho mkononi.
Juzi ulinidondoka mtaroni,
nikapiga magoti kwenye maji meusi, kitenge na yote,
nikipapasa kama anayetafuta jino la mtoto.
Nikaupata. Nikasema: sasa basi.

Nguba, duka lenye vioo na kiyoyozi,
waliniambia dola mia na sitini,
wiki tatu, utoke Dubai. Kijana alinitazama viatu
kabla ya kunitajia bei, na baada ya kunitajia.

Kadutu, chini ya mwavuli uliotobolewa na jua,
Chubaka ana beseni la maganda ya rimoti,
anayachambua kama maharagwe:
hii ya Noah, hii ya Vitz, hii haina mwenyewe.
Tulianza thelathini na tano. Nilicheka.
Akacheka. Nikaondoka hatua nne, zile hatua
ambazo muuzaji huzihesabu nawe ukimpa kisogo.
"Mama, rudi. Ishirini na mbili, na betri juu yangu."
Akainua noti zangu kwenye mwanga, akitafuta tundu,
maana hapa dola iliyochanika pembeni ni karatasi,
lakini franka, hata ikinuka samaki, inatembea.

Jenereta ikakohoa. Chuma kikalia juu ya chuma,
vumbi la fedha likamwagika magotini pake.
Kisha akachomeka waya chini ya usukani,
akaikodolea kompyuta yenye ufa kiooni,
akanyamaza.

"Mama. Hii gari iko na funguo mbili."
Iko na moja, nikasema.
"Mbili. Mashine haina sababu ya kukudanganya.
Ya pili iliandikwa mwezi wa tano."
Akakuna shingo. "Kuna kaka mmoja, mrefu, ana kovu hapa..."
Akagusa nyusi yake ya kushoto.

Kovu lile nalijua. Ni mimi niliyelitia,
kwa gurudumu la bati, tungali tunaitwa kuoga.

Mwezi wa tano. Sasa ni wa kumi.
Jioni zaidi ya mia, Nyawera, mvua na vumbi,
na ufunguo wake umo mfukoni.
Angeweza kulikuta gari limeegeshwa, akaondoka,
asinione uso.
Badala yake alinyoosha mkono.
"Mafuta?"
"Robo."

"Nifute ule mwingine?" Chubaka akauliza.
"Wezi wamekuwa wengi."
Uache, nikasema. Uache palepale.

Saa kumi na mbili. Duka la rangi linashusha mlango.
Mpya umelala ndani ya pochi yangu, bado una joto la mashine;
mkononi nimeshika ule wa zamani, wenye plasta.
Birindwa ameshanyoosha kiganja.
"Breki?"
"Zinalia," nikasema. "Panda uzisikie mwenyewe."

Akanitazama, kama mtu aliyeulizwa jina lake.
Akazunguka upande wa abiria. Alipoketi,
kitu kikagonga chuma cha kiti, mfukoni mwake,
kengele ndogo, mara moja.
Mimi nikawasha gari.
Yeye akakohoa, akafungua dirisha.