Mahali pa Kupokelea Mzigo

Nimetunza ghala la serikali miaka kumi na tisa
hapa Mwanza, nyuma ya bohari za zamani za pamba.
Nimepokea matairi, saruji, vitanda vya zahanati,
injini ya boti ya doria iliyokuja bila rafadha.
Kila kitu nilikigusa kabla ya kutia sahihi.

Leo fomu imeniletea picha.
Picha mia nne za ziwa, ambazo hazijapigwa,
za setilaiti ambayo haijaruka,
ya kampuni ya Nkwimba Lugembe, Nyakato,
mlango wa tatu kutoka mashine ya kukoboa.

Fomu inauliza: Mzigo utapokelewa wapi?
Nikaandika: Angani. Nikafuta.
Nikaandika: Kilomita mia tano, juu ya Ilemela.
Kisha nikaambiwa mzigo wenyewe hautulii,
unaizunguka dunia kwa dakika tisini na tano,
na Ilemela unaivuka ukiwa bado unapiga chafya.

Nikamwita. Akaja na kisanduku ndani ya kapu,
kimefungwa kanga, kidogo kama mkate.
"Huyu ni pacha," akasema, "wa kubaki chini."
Nikakinyanyua. Kizito kuliko nilivyodhani.
"Serikali haijanipa hela, mzee. Imenipa neno:
nikipiga, itanunua.
Kwa neno hilo benki imenikopesha,
na kwa mkopo nimepata nafasi kwenye roketi ya watu,
kama mwenye gunia moja kwenye lori la jirani."

Neno.
Baba yangu alikuwa na debe la maneno.
Stakabadhi za pamba, zenye muhuri na namba,
kilo zake zote, kwa mwandiko mzuri wa karani.
Mama aliziwashia moto masika, kuni zikiwa mbichi,
moja baada ya moja, bila kusema kitu.
Baba alifariki akidai.

Sikumwambia Nkwimba. Nikapiga muhuri.

Mwezi wa sita picha ya kwanza ikashuka.
Ghuba yetu, rangi ya risasi,
gugumaji limejibana kwenye kona kama mtu mwenye deni,
na pale ufukweni nukta nyeupe:
bati la ghala langu.
Sikuwa na cha kugusa. Nikagusa kioo.
Leja nikaijaza: Imepokelewa. Hali: nzima.

Ikabaki hati ya malipo.
Desturi ni kuiweka kwenye trei, ilale,
iamshwe na atakayeikumbuka.
Hii nikaibeba mkononi
hadi uhasibu, ghorofa ya pili,
nikakaa kwenye benchi lenye mguu mbovu.
Saa nne. Saa tano, mhasibu yuko kikaoni.
Saa saba wakaenda kula.

Huko juu kisanduku kilikwisha kuizunguka dunia
karibu mara mbili.
Mimi nilikuwa bado pale pale,
hati magotini,
nimeishikilia kwa mikono yote miwili.