Nafasi ya Maiti

Orodha ilibandikwa mlangoni Jumatatu:
Somoe mjane, Likanga shemeji mwenye tamaa,
Bakili shehe, Bakili karani, Bakili mbuzi wa arobaini,
maana mwaka wa pili wote tuko kumi na mmoja,
na chini kabisa, kwa kalamu inayoishiwa wino,
Mchopa: maiti.

Nikauliza nitavaa nini.
Mwalimu Nampoto hakuinua macho daftarini.
"Maiti haulizwi sanda," akasema,
na darasa likacheka hadi Ijumaa.

Ukumbi wetu hapa Masasi zamani ulikuwa ghala la korosho.
Mafuta ya maganda yamezama kwenye saruji;
ulale chini dakika kumi tu
fulana inanuka msimu mzima.
Na ukutani, kwa rangi nyekundu ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta:
DARAJA LA PILI.
Hayo ndiyo maneno niliyoyasoma wiki tatu
kwa jicho nililotakiwa kulifumba.

Watu hudhani kufa ni kutofanya kitu.
Jaribu.
Jaribu nzi anapotoka kidevuni kwenda puani bila haraka,
Somoe anakuombolezea kwa karibu
na mate ya msiba yanakudondokea shingoni.
Jaribu kupumua kwa tumbo la chini,
kidogokidogo, kama anayechota unga
kwenye debe la mwenzake aliyelala.
"Kifua!" anafoka mwalimu. "Kifua kimefufuka!"
Tunaanza upya.

Alfajiri tunakimbia hadi chini ya jabali,
tunalipigia a, e, i, o, u,
nalo linajibu kwa lafudhi ya kwetu.
Jioni Likanga anaipasha ngoma kwenye moto wa mabua.
Usiku bwenini kila mtu anakariri, wengine hata usingizini.
Mimi sina neno la kukariri.
Nikilala, wanasema nafanya mazoezi.

Baba akapiga simu kutoka Kitangari.
"Siku hizi wanakufundisha nini?"
"Kufa, baba."
Kimya. Nikasikia salio lake likiungua.
"Magunia saba," akasema mwishowe,
"kwa jambo ambalo babu yako alilifanya bure."

Lakini alikuja.
Nilimchungulia kupitia tundu la pazia:
mstari wa mbele, kofia ya Idi,
mfuko wa ming'oko umepakatwa kama mtoto mgonjwa.

Taa zikafifia. Nikabebwa.
Somoe akalia, na usiku ule alilia kweli,
kwa sababu ambayo mpaka leo hajaniambia.
Jeneza likapita mbele ya watu
na nikasikia kiti kimoja kikisogea.

Maiti haoni. Ila kandambili zile nazijua
zinavyokwaruza sakafu.
Baba alikuwa amesimama,
kama anavyosimama kwetu jeneza lolote likipita,
la ndugu, la jirani, la mtu aliyemdhulumu.
Nyuma yake akasimama mzee mwingine,
kisha mama muuza bagia, kisha nusu ya ukumbi,
nusu nyingine ikiwacheka.

Kifua kikataka kufufuka. Nikakizuia.
Machozi sikuyaweza; yakashukia masikioni,
ukilala chali hayana njia nyingine.
Mwalimu aliandika: Pumzi, safi. Macho, yamevuja. Sitini na nane.

Nilimkuta baba ukumbini watu wameshatoka,
akipapasa ukuta chini ya yale maandishi.
Hakusema hongera. Alisema,
"Hapa ndipo walipozipima korosho zangu, mwaka ule wa mvua mbaya.
Wakaniambia daraja la pili."
Akanitazama, mimi na unga wangu wa kifo usoni,
akanipa ule mfuko wa ming'oko.
"Sikukubali," akasema.
"Hata leo sijakubali."